Wasafiri wenu wanaondoka kabla ya kupewa jembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii itarefuka kidogo mtanisamehe, mkitaka kukata kateni popote lakini msikate pale kwenye kompresa.

Nimesoma makala yenu ya yule kijana aliyetembea nchi saba kwa siku thelathini. Kaandika vizuri, picha kali, mara yupo Istanbul mara Dubai mara Cape Town, kila sehemu selfi, halafu mwisho anasema safari zimemfanya awe mtu mwingine kabisa. Nikairudia mara ya pili kutafuta ni wapi hasa alipobadilika, sikupaona. Nilichokiona ni hoteli, bei ya hoteli, na chai ya asubuhi ya hoteli. Hakuna mtu hata mmoja aliyemcheka, aliyemgombeza, wala aliyemkopesha hata nauli. Nchi saba! Nikasema huyu kila mahali kaondoka siku ya pili.

Si mnajua ule usemi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanauchukulia kama mbinu ya kumfukuza mgeni kistaarabu, yaani umeshakula vya kutosha baba, kazi hiyo. Na mimi nilikuwa naelewa hivyohivyo mpaka yaliponikuta, sasa hivi naona ni kinyume chake, jembe ndo kukaribishwa kwenyewe, siku mbili za mwanzo ulikuwa unatazamwa tu.

Mwaka 2011 mwezi wa sita nilikuwa na miaka 27, fundi friji, naishi Temeke, na sijawahi kuvuka Morogoro. Kwetu Kisarawe, nimekulia mjini, kwa akili zangu za wakati ule nchi ilikuwa inaishia Chalinze, huko mbele ni bara, na watu wa bara ni wale wanaoshuka kwenye basi na kuanza kukuuliza Kariakoo ni wapi. Bosi wangu (simtaji, bado tunasalimiana) akanituma Rungwe, mkoa wa Mbeya, kuna kikundi cha wafugaji tangi lao la kupozea maziwa limegoma. Nikapanda treni ya TAZARA Ijumaa, daraja la pili, vitanda sita chumba kimoja, wanaume sita ambao hatujuani.

Ile treni tu peke yake ingetosha barua nyingine. Unatoka Dar, giza likianza kuja mnapita kwenye pori, enzi hizo bado tunaliita lote Selous, watu wanakimbilia madirishani twiga! twiga! na mimi mtoto wa mjini nimejikausha kitandani najifanya nimeshawaona sana. Kulikuwa na mzee mmoja kitanda cha chini yangu, anasema ujana wake alibeba kokoto kwenye ujenzi wa reli hiyohiyo, ile iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Kulipokucha tumeshapita Mlimba, tunapanda milima, handaki baada ya handaki, kila tukiingia gizani yule mzee ananyamaza na tukitoka anaendelea na sentensi alipoiacha. Akanikatia muhogo wake. Nikamwambia asante nimeshiba. Sikuwa nimeshiba hata kidogo, nilikuwa nimefundishwa na mama usile cha mtu njiani, basi nikalala na njaa na ujinga wangu mpaka Makambako. Mpaka leo ule muhogo naukumbuka.

Nikafika Mbeya, nikapanda kosta mpaka Tukuyu, kama kilomita sabini hivi, baridi na ukungu, mi nimevaa shati la mikono mifupi. Nikachukua gesti. Kesho yake asubuhi na mapema nikapelekwa kwenye tangi.

Sasa hapa ndo penyewe. Nimekuta kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea, inajaribu kuwaka, inanguruma kidogo, inakata. Ya moto ile mbaya. Nikachomoa waya nikapima na mita, koili, yaani waya wa mota ya ndani, haisomi. Hata robo saa haijaisha nikasimama mbele ya watu kama kumi hivi nikatangaza, kompresa imekufa, inatakiwa mpya. Kulikuwa na kijana mdogo pale, miaka kumi na nne labda, mjukuu wa mwenyekiti wa kikundi, akasema, shikamoo fundi, mbona hili tangi huwa linazima pale mashine ya unga inapowashwa? Nikamwambia mdogo wangu mambo ya umeme hayo huyawezi. Watu wakacheka. Alinyamaza akaangalia chini, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri.

Nikapiga simu Dar, bosi anasema kompresa ya aina hiyo mpaka iagizwe, subiri hukohuko. Hela ya gesti aliyonipa ilikuwa ya siku mbili. Siku ya tatu sina hela, namba ya bosi haipokelewi, nimekaa nje ya gesti na begi langu la spana. Ndo akaja mwenyekiti mwenyewe, bibi wa miaka kama sitini na kitu, kajifunga kitenge na sweta juu, hakuniuliza kitu, akaniambia mwanangu chukua begi twende nyumbani.

Nilidhani nitakaa sebuleni niletewe chai. Kesho yake alfajiri, bado giza, akanigongea akanipa panga na kamba. Twende tukakate majani ya ng'ombe. Mimi! Fundi kutoka Dar! Nikakata majani vibaya kiasi kwamba yule mjukuu akawa anapita nyuma yangu anakata upya bila kusema neno. Mikono ikatoka malengelenge. Kurudi nikapewa ndizi zimepikwa na maziwa, na safari hii nilikula mpaka nikaona aibu, bibi akaongeza.

Nimekaa pale siku nane, Mhariri. Siku nane za kuambiwa si hivyo, ni hivi. Sijui kukamua. Sijui kufunga mzigo wa majani ukakaa kichwani. Sijui kusalimia, maana kule huwezi kupita mtu kama gari lililokosa breki, unasimama, unasema ugonile, unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani je, na wewe uulize, halafu ndo mwendelee na safari. Mimi siku za kwanza nilikuwa napita na "mambo vipi" yangu watu wananiangalia tu. Na ubaya ni kwamba asubuhi zote hizo naona kina mama wanabeba maziwa kwa ndoo kupeleka mjini kuyauza haraka kabla hayajaharibika, kwa bei yoyote anayoitaja mnunuzi, kwa sababu tangi halifanyi kazi na fundi wao anasubiri kompresa. Hakuna aliyenilaumu. Bora wangenilaumu.

Kompresa ikafika na basi, jioni. Nikaenda na yule kijana anishikie tochi. Kabla sijafungua bolti, sijui ni kitu gani kilinituma, nikachukua mita nikapima tena ile ya zamani.

Ikasoma. Koili zote nzima.

Wasomaji ambao si mafundi niwaeleze kidogo. Ndani ya hizi kompresa kuna kidude tunakiita ovalodi, joto likizidi kinakata umeme ili koili isiungue, ikipoa kinarudi chenyewe. Ukipima wakati ni ya moto utaona kama koili imekatika. Kila fundi wa friji anajua hili, na mimi nilikuwa nalijua, ila ukiwa na haraka ya kuonekana unajua unaweza kusahau hata unachokijua. Tatizo lilikuwa ni lile alilolisema mtoto, mashine ya kusaga ikiwaka umeme wa laini ile unazama, kompresa inashindwa kuanza, inachemka, ovalodi inakata. Siku nane za maziwa, bure.

Nilikaa chini na spana mkononi. Nitasema ukweli wote, nilifikiria kuifunga ile mpya kimyakimya na kutafuta sababu nyingine ya umeme, nani angejua? Wangelipa, ningesifiwa, ningepanda treni. Na naapa kama ningekuwa nimelala gesti siku zote zile ndivyo ningefanya, bila hata kukosa usingizi. Mteja ni mteja. Lakini huyu aliyeshika tochi ndo aliyekuwa anarudia kukata majani yangu, na bibi yake ndo aliyenipaka mafuta ya ng'ombe kwenye malengelenge. Nikamwambia mdogo wangu, ulikuwa sahihi siku ile. Akasema najua fundi. Basi. Kinyonge tu, najua fundi.

Tukaenda kumwambia bibi. Akanyamaza muda mrefu, mi moyo unadunda, halafu swali lake la kwanza likawa, sasa watu wasage unga saa ngapi? Usiku uleule akaenda kwa mwenye mashine, wakapatana mashine ifanye kazi mchana tangi lipoze asubuhi na usiku, yameisha. Kompresa mpya ikarudi Dar ndani ya boksi lake. Kuna kitu alisema kwa Kinyakyusa wakati tunaondoka, watu wote waliokuwepo wakacheka mpaka wakashika mbavu, nikamuuliza kijana kasema nini, akasita, akaniambia anasema ulitakiwa upewe panga siku ya kwanza, mita baadaye.

Nikarudi Temeke. Mke wangu wakati huo tulikuwa kwenye hali mbaya, nisiingie huko, ila ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kwamba mimi najua kila kitu. Wiki ya kwanza akaniuliza jambo fulani la ada ya mtoto, nikamjibu sijui, wewe unaonaje? Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuangalia kama nimerudi na malaria.

Mwanangu wa sekondari juzi alikuwa anasoma habari za Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani wa Morocco, kwa sauti, nikamwambia rudia hapo. Kumbe yule bwana alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajaja Mombasa na Kilwa, alikuta desturi, meli ikitia nanga vijana wa mji wanaifuata kwa mashua kila mmoja kabeba sahani ya chakula iliyofunikwa, anampa mfanyabiashara mmoja anasema huyu ni mgeni wangu. Na mfanyabiashara hashuki kwenda kwingine, anakwenda kwa huyo mwenyeji wake, na mwenyeji ndo anamuuzia na kumnunulia. Yaani biashara ya bandari ile ilikuwa inapitia kwenye sahani ya chakula. Na kwenye vyakula alivyopewa pale, nilishtuka, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa! Miaka karibu mia saba! Nikampigia simu bibi kumwambia, akasema huyo mgeni walimpikia vizuri.

Halafu huyu Ibn Battuta ambaye watu wanamsifia kutembea tu, wanasahau kwamba alikuwa anapewa jembe kila anapofika. India alikaa miaka akiwa kadhi wa Sultani wa Delhi. Visiwa vya Maldivi wakamfanya kadhi tena, akaoa hukohuko. Alitoka Tangier mwaka 1325 kijana wa miaka 21, aliporudi Morocco ilikuwa 1349. Angekuwa mtu wa siku mbili mbili kama kijana wenu angemaliza mapema zaidi na asingekuwa na cha kutusimulia.

Na si lazima twende mbali hivyo, utani wetu wenyewe huu tunaoucheza kila siku umetoka wapi? Sisi Wazaramo na Wanyamwezi na Wasukuma, wazee wanasema ni zile safari za misafara, watu wanatoka Unyamwezi na pembe mabegani wanatembea miezi mpaka Bagamoyo, wanalala kwa watu, wanaumwa njiani, wanazikwa njiani na wageni. Mtu aliyekuzikia ndugu yako huwezi kubaki naye kwenye shikamoo marahaba. Mnatukanana sasa, ndo undugu.

Msinielewe vibaya, sisemi watu wasiende Dubai. Na siyo kila mtu ana nafasi ya kukaa siku nane, kazi zipo, watoto wapo, na kwa mwanamke kwenda kukaa kwa mtu asiyemjua ni hesabu nyingine kabisa ambayo mimi mwanaume sikuhitaji kuipiga pale nje ya gesti. Hilo mke wangu ndo kaniambia niliweke, na nimeliweka. Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo tu, mkipokea hizi makala za safari muulizeni mwandishi swali moja kabla ya picha, ulifikia kwa nani? Na kama jibu ni jina la hoteli, sawa chapisheni, lakini kwenye ukurasa wa matangazo.

Yule kijana alipomaliza kidato cha nne mwaka 2015 alikuja Dar kukaa kwangu kujifunza kazi. Miaka mitatu. Sasa hivi ana karakana yake Mbeya na akipima kompresa ya moto ananipigia simu makusudi, fundi niisubiri ipoe? Mshenzi sana huyu mtoto.

Mwaka 2019 baba yangu alifariki. Tulizika mchana, usiku ule saa nne bibi akateremka kwenye bajaji, katoka Tukuyu alfajiri kwa basi, kilomita zaidi ya mia nane, miguu imevimba, na mfuko wa ndizi na parachichi. Hakuwahi kufika Dar maishani mwake. Asubuhi akakuta watani wetu wameshaanza, kuna jirani Msukuma kavaa koti na kofia ya marehemu, anachechemea kama baba alivyokuwa anachechemea, anakohoa kikohozi chake, anadai hakuna kula pilau mpaka alipwe deni lake, akina mama wanacheka huku machozi yanatoka. Bibi alishika mdomo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu hampigi? Nikamwambia bibi, huyu ndo kachimba kaburi.

Siku mbili alikaa na wafiwa kwenye mkeka. Siku ya tatu alfajiri nikasikia mtu anahangaika uani, nikatoka na tochi, nikamkuta kasimama kajifunga kitenge kiunoni anaangalia huku na kule kwenye ile sementi yetu ya Temeke. Akaniuliza, mwanangu, jembe mnaweka wapi? Nikamwambia bibi hapa hatuna jembe. Akatingisha kichwa, akachukua ufagio.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi friji,
Temeke, Dar es Salaam.